Mwenyekiti wa Mtaa, Tuonyeshe Daftari

Makamanda, najua mwezi huu wa Januari 2025 macho yote yako Mlimani City. Kila kijiwe hapa Tunduma, kuanzia stendi mpaka kwa wabadilisha fedha pale mpakani, mjadala ni mmoja tu: Mwenyekiti au Makamu. Sawa, tujadili, chama ni chetu. Lakini naomba mnipe dakika chache nizungumzie jambo ambalo halina bango wala wimbo, na bado linawatesa watu tunaoishi nao nyumba kwa nyumba.

Shule zimefunguliwa. Wazazi wamepanga foleni kuandikisha watoto darasa la awali na la kwanza, bando la madaftari mkononi, sare mpya zimezidi mwili ili zivaliwe miaka miwili. Katika foleni hiyo kuna wazazi wanaorudi nyumbani na mtoto wao. Mtoto haongei vizuri. Au hasikii. Au ana miaka tisa na anakaa kama wa miaka minne. Au ana mtindio wa ubongo na hawezi kutembea mwenyewe mpaka chooni. Mwalimu hamfukuzi, hapana, walimu wetu wengi wana utu. Anamwambia mzazi kwa upole, "Mama, huyu mtafutie shule maalumu." Basi. Mama anabeba mtoto anaondoka.

Shule maalumu ipi? Iko wapi? Nani kasema mtoto anaihitaji hiyo na si darasa la kawaida lenye mwalimu anayejua kumsaidia? Hakuna karatasi. Kuna maneno tu ya mlangoni, na mzazi akifika nyumbani hana hata kitu cha kumwonyesha mume wake.

Njia wanayopita wazazi hawa nimeisikia mara nyingi mpaka nimeikariri. Mtoto akifika miaka mitatu hajasema, kliniki wanamwambia mama asubiri, atasema tu. Bibi naye anaongeza kwamba hata baba yake alichelewa. Ikifika miaka minne unaanza msafara: maombi, mganga, maombi tena. Huko kote pesa inatoka. Halafu awali. Halafu darasa la kwanza, ambako mwalimu ana watoto wengi kiasi kwamba mtoto aliyekaa kimya nyuma anaonekana ana nidhamu. Darasa la pili linapimwa kusoma, kuandika na kuhesabu, mtoto hana hata moja. Hapo ndipo shule inatoa hukumu: mtoto mzito.

Mzito! Nani kampima? Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Zambia na Congo halifiki mpakani bila kupanda mizani ya Mpemba, na likizidisha kidogo tu, dereva anajua shughuli yake. Lakini mtoto wa Tunduma anatangazwa mzito kwa macho, na tangazo hilo linamfuata mpaka anaacha shule.

Na wengi wao si wazito hata kidogo. Kuna mtoto aliyeugua uti wa mgongo au malaria kali akiwa mdogo akapoteza usikivu, anasikia nusu maneno, na nyumbani hawajajua. Kuna mwenye uoni hafifu, wakiwemo watoto wengi wenye ualbino, ambaye angekaa mbele, apewe miwani na maandishi makubwa, angesoma kama wenzake. Kuna mwenye kifafa anayesinzia darasani kwa sababu ya dawa. Kuna mwenye usonji anayejua hesabu kuliko darasa zima ila hawezi kuvumilia kelele. Na kuna kundi ambalo watu wa mjini tunalisahau: mtoto aliyeletwa juzi kutoka vijiji vya Momba, anajua Kinyamwanga tu, anakutana na Kiswahili cha mwalimu kwa mara ya kwanza. Huyu hana ulemavu wowote. Anahitaji miezi michache na mtu mwenye subira. Bila kipimo, wote hawa wanawekwa kapu moja.

Kipimo ninachosema si mashine ya mabilioni. Ni mtu aliyesomea kazi hiyo, mwalimu wa elimu maalumu, akishirikiana na mganga na afisa ustawi wa jamii, anakaa na mtoto na mzazi, anaangalia macho, masikio, viungo, lugha, uelewa, anauliza historia ya mimba na magonjwa, kisha anaandika: mtoto huyu ana hiki, anaweza hiki, asaidiwe hivi, asome hapa. Nchi hii ina watu wa kazi hiyo. Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha kinafundisha walimu wa elimu maalumu miaka na miaka. Chuo Kikuu cha Sebastian Kolowa pale Lushoto nacho. Wengine wanatoka Dodoma. Swali ni wangapi wanafika Songwe, na wakifika wanapangiwa nini. Mwalimu aliyesomea lugha ya alama ukimpa Maarifa ya Jamii darasa la tano kwa sababu kuna upungufu wa walimu, umetupa mafunzo yake jalalani.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa watu wanadhani tunaomba msaada. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa na Bunge mwaka 2010. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2009, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inasema mtoto mwenye ulemavu ana haki ya matunzo maalumu na nafasi sawa ya elimu. Sheria ya 2010 inasema mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kupokelewa shuleni kama mtoto mwingine yeyote, na apewe msaada anaohitaji kutoka kwa mwalimu mwenye ujuzi. Kupokelewa, si kuelekezwa kwa mdomo. Tuna hata Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi, na huu uliopo sasa ni wa 2021/22 mpaka 2025/26. Umebakiza mwaka mmoja na kidogo. Ukiuliza ofisi nyingi za kata zetu kama wameuona, utachekwa.

Kilichonifanya niandike ni sehemu moja ya sheria ile ambayo haisemwi majukwaani. Rejista ya watu wenye ulemavu inatakiwa ianzie chini kabisa, kwenye kijiji na mtaa, ndipo ipande halmashauri. Na kuna kamati za watu wenye ulemavu zinazotakiwa kuwepo ngazi hizo hizo. Maana yake ni hii: mtoto wa Sogea, wa Majengo, wa Chapwa au wa Maporomoko mwenye ulemavu anatakiwa awe ameandikwa kwenye ofisi ya mtaa wake, jina, umri, aina ya ulemavu, kabla hata hajafika mlango wa shule. Mtaa ukishajua, kata inajua. Kata ikijua, halmashauri inajua itahitaji walimu wangapi, viti mwendo vingapi, vyoo vya aina gani.

Haya, nani ameshika ofisi za mitaa leo? Novemba 27 mwaka jana tuliona wote. Wagombea wetu walienguliwa kwa sababu za ajabu ajabu, na TAMISEMI ikatangaza CCM imeshinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa nchi nzima. Sitaki leo kurudia kilio cha uchaguzi ule, tumekilia na tutaendelea kukilia mahali pake. Ninachosema ni hiki: mmezichukua ofisi zote, basi na kazi za ofisi hizo ni zenu zote. Hakuna diwani wa upinzani wa kusingiziwa, hakuna mwenyekiti wa Chadema aliyekwamisha. Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, fungua kabati, tuonyeshe daftari.

Daftari lina uzito kwa sababu bila jina hakuna fungu. Angalia namba. Sensa ya 2012 iliona asilimia 9.3 ya watu wenye umri wa miaka saba na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Sensa ya 2022 ikaona asilimia 11.2. Sisemi watoto wote ni hivyo, ulemavu huongezeka na umri. Chukua hata wawili tu katika kila watoto mia moja. Songwe ina watu zaidi ya milioni 1.3, na nusu ya Tanzania ni watoto. Piga hesabu mwenyewe, halafu nenda shule ya mtaani kwako uliza wako wangapi waliotambuliwa. Waliobaki wako wapi? Wako ndani. Wengine wanalinda nyumba mama akiwa sokoni. Wakubwa kidogo utawakuta mpakani wanasukuma mizigo kwa ujira wa siku, wanatumwa na kila mtu na kudhulumiwa na kila mtu, kwa sababu hawakuwahi kufundishwa kuhesabu chenji.

Kuna watakaosema halmashauri inawahudumia watu wenye ulemavu kupitia asilimia mbili ya mikopo. Ni kweli, sheria iliyorekebishwa 2018 inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ikasimamishwa 2023, ikarudishwa mwaka jana. Vizuri. Lakini mtoto wa miaka saba hakopi. Hahitaji mtaji wa kufuga kuku, anahitaji mtu ampime masikio.

Na hasara ya kutopimwa haiishii darasa la pili. Baraza la Mitihani lina utaratibu mzuri tu: kwa mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu huongezwa dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Wasioona hupewa karatasi ya nukta nundu, wenye uoni hafifu maandishi makubwa. Nani anapata hayo? Aliyetambuliwa na kuombewa na shule yake. Mtoto wetu wa nyuma ya darasa, asiye na karatasi, anafanya mtihani wa darasa la saba kwa dakika zile zile na maandishi yale yale madogo, anafeli, na matokeo yanabandikwa ukutani kama ushahidi kwamba kweli alikuwa mzito.

Nikubali jambo moja maana hatuko hapa kusema uongo. Serikali imefanya vitu. Patandi imejengwa sekondari maalumu ya kisasa. Vifaa vimenunuliwa, mabweni yamejengwa sehemu mbalimbali, na yamekuwepo mazoezi ya kubaini watoto wenye mahitaji maalumu. Tatizo langu ni namna vinavyogawanywa. Mradi wa Shule Bora unaofadhiliwa na Uingereza, ambao elimu jumuishi ni sehemu ya kazi zake, uko mikoa tisa: Dodoma, Katavi, Kigoma, Mara, Pwani, Rukwa, Simiyu, Singida na Tanga. Majirani zetu Rukwa wamo. Songwe haimo. Tulizaliwa mkoa 2016, tukatolewa ubavuni mwa Mbeya, na mpaka leo kwa mambo mengi ya kitaalamu tunaambiwa twende Mbeya. Kwenda Mbeya ni zaidi ya kilometa 100 kwa barabara ile ile ya malori. Mama mwenye mtoto wa miaka kumi asiyeweza kukaa mwenyewe, anambebaje ndani ya Coaster iliyojaa? Kondakta anamtoza siti mbili. Akifika huko anaambiwa mtaalamu yuko semina, rudi wiki ijayo. Hatarudi. Si kwamba hampendi mtoto, nauli ilikuwa ya mkopo.

Na huu ndio mji wenye mpaka unaopitisha shehena ya nusu ya kusini mwa Afrika! Ushuru unakusanywa hapa usiku na mchana.

Kuna jambo la kumuuliza pia mbunge wetu. Mheshimiwa David Silinde, baada ya uchaguzi wa 2020, aliteuliwa Naibu Waziri TAMISEMI, upande wa elimu. Yaani shule zote za msingi na sekondari za serikali nchi hii zilikuwa chini ya dawati alilokalia mtu wa Tunduma, mpaka alipohamishiwa wizara nyingine 2023. Sasa mheshimiwa, kwa heshima zote, kwenye ile miaka miwili na ushee Tunduma ilipata kituo gani cha upimaji? Walimu wangapi wa elimu maalumu? Majibu yakiwepo tutayachapisha hapa hapa, neno kwa neno.

Msiniambie jambo hili ni la nchi tajiri. Kenya walianza vituo vya upimaji wa watoto mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, wakavisambaza wilayani. Vina mapungufu, Wakenya wenyewe wanavilalamikia, foleni na upungufu wa wataalamu. Lakini mzazi wa Busia au Kisii anajua kuna mlango wenye jina, akitoka pale ana ripoti mkononi. Huko Marekani, tangu sheria yao ya 1975, mzazi anaweza kuomba kwa maandishi mtoto wake apimwe bure, na sheria yao ya sasa inataka upimaji uwe umefanyika ndani ya siku 60 tangu mzazi aridhie, isipokuwa kama jimbo limeweka muda wake lenyewe. Asiporidhika na matokeo anakata rufaa. Pesa zao hatuna. Lakini tarehe ya mwisho haigharimu kitu. Sheria yetu ina haki nyingi nzuri, ila mzazi wa kawaida hajui apeleke ombi kwa nani na ajibiwe lini. Ndiyo maana anajibiwa mlangoni.

Kwa hiyo nawaomba wazazi mnaosoma hapa, na ninyi vijana mnaosoma mkiwa na jirani wa aina hii: acheni kuomba kwa mdomo. Andikeni. Karatasi moja ya daftari inatosha. Jina la mtoto, umri, darasa, mnachokiona nyumbani (hasikii akiitwa nyuma, anaanguka, hasemi sentensi, anashika kitabu puani), na sentensi moja tu: naomba mtoto wangu apimwe na nipewe majibu kwa maandishi. Peleka kwa mwalimu mkuu, nakala kwa afisa elimu kata, nakala kwa mkurugenzi ifike kwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu. Ambatanisha kadi ya kliniki kama ipo. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Wakikataa kugonga, andika jina la aliyekataa na saa. Halafu nenda ofisi ya mtaa uliza kama mtoto wako ameandikwa kwenye rejista. Hajaandikwa? Mwandikishe siku hiyo hiyo, na usimame hapo mpaka uone kalamu ikitembea.

Usiogope mwalimu mkuu atachukia. Mwalimu huyo huyo ana kiu na hizo barua kuliko wewe. Yeye akiomba mwalimu wa elimu maalumu bila takwimu, faili lake linakaa chini. Akiomba akiwa na barua kumi na tano za wazazi zenye muhuri, ana silaha.

Na ninyi makamanda, mikutano ya hadhara iliporuhusiwa tena Januari 2023 tulirudi majukwaani na Katiba Mpya, na tume huru, na bei ya vitu. Yote ni haki. Ila mama mwenye mtoto wa mgongo wazi haji mkutanoni, hana wa kumwachia mtoto. Sisi ndio twende kwake. Kila tawi lipite mitaa yake, nyumba kwa nyumba, tusaidie kuandika barua kwa wasiojua kuandika. Bila kuuliza kadi ya chama, tafadhali. Mtoto wa mjumbe wa CCM asiyesikia, hasikii vile vile. Na picha za watoto msipige wala msirushe kwenye magrupu, kamanda atakayefanya hivyo asitutajie jina la chama.

Muda hautusubiri. Halmashauri zinapanga bajeti za mwaka wa fedha 2025/26 miezi hii hii, mpaka Machi itakuwa imeshapita. Madiwani watakaa, watasoma makadirio, watapigia makofi. Kabla hawajakaa, barua ziwe zimefika mezani kwa mkurugenzi, Tunduma, Momba, Mbozi, Ileje na Songwe, ili tumuulize hadharani kila diwani: kasma ya upimaji wa watoto iko ukurasa wa ngapi?

Wenye nakala zilizogongwa muhuri waziweke vizuri, na moja waniletee ofisi ya jimbo Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi. Tunaanza na Sogea, wiki inayofuata Chapwa.